Daraja la Amani: nishani ya Prusia ambayo wanazuoni walichaguana wenyewe

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu wa somo la historia, na vijana wote mliofika jioni hii,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, kitu ambacho nimekifuatilia kwa miaka kadhaa na ambacho kila ninapokirudia nakuta bado sijakimaliza. Kitu chenyewe ni nishani. Wafalme wa Prusia, dola iliyokuja kuwa kiini cha Ujerumani, walikuwa na nishani nyingi, na baadhi yake zilitolewa kwa wingi kwa maofisa na watumishi wa serikali waliofikisha miaka mingi kazini bila doa. Hii ninayoizungumzia leo iliwekewa kikomo cha watu 30 tu katika nchi zote za Kijerumani, na hakuna aliyeweza kuipata kwa kupigana vita, wala kwa kuzaliwa katika ukoo mkubwa, wala kwa kuzeeka ofisini.

Naomba tuitazame kwanza picha niliyoikuza na kuibandika hapa ukutani. Katikati mnaona kisahani cha dhahabu chenye tai wa Prusia. Kumzunguka tai huyo, juu, chini, kulia na kushoto, zimepangwa herufi F mbilimbili pamoja na namba ya Kirumi ya pili, na kila fungu la herufi limevikwa taji. Hizo ni alama za jina la Mfalme Friedrich wa Pili. Nje ya herufi hizo kuna pete ya buluu, yaani unga wa kioo uliochomwa juu ya dhahabu mpaka ukayeyuka na kushikamana nayo, na juu ya buluu hiyo yameandikwa kwa herufi za dhahabu maneno matatu ya Kifaransa: Pour le Mérite. Huvaliwa shingoni kwa utepe mweusi wenye kingo nyeupe. Haina panga zilizopishana wala vito. Ukiitoa kwenye utepe wake na kuiweka mezani, mtu asiyeijua anaweza kudhani ni kipambo cha bibi harusi.

Maneno hayo maana yake ni "kwa ajili ya stahili", na yameandikwa kwa Kifaransa kwa sababu Friedrich wa Pili, aliyeshika kiti cha ufalme tarehe 31 Mei 1740, alisoma, aliandika na kufikiri kwa Kifaransa kuliko kwa Kijerumani. Mwaka huohuo wa 1740 alianzisha nishani yenye jina hilo, yenye umbo la msalaba wa buluu, na akaitoa kwa maofisa wa jeshi na pia kwa watu wa kalamu. Voltaire, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, aliipata mwaka 1750 alipokuja kuishi kwenye kasri la mfalme. Haikupita miaka mitatu wawili hao wakagombana, Voltaire akairudisha nishani pamoja na ufunguo wa cheo chake, na alipokuwa njiani kurudi kwao akakamatwa Frankfurt kwa amri ya mfalme yuleyule aliyekuwa amemvika. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha vizuri nishani za zama zile zilivyokuwa: stahili ya mtu ilikuwa mapenzi ya mfalme, na mapenzi yakiisha, stahili nayo ikaisha. Mwaka 1810 Friedrich Wilhelm wa Tatu, ambaye jeshi lake lilikuwa limesagwa na Napoleon miaka minne nyuma, aliagiza nishani hiyo itolewe kwa wanajeshi peke yao, na mtu wa kalamu akatolewa nje.

Aliyemrudisha ndani ni Friedrich Wilhelm wa Nne, na aliyemshauri ni Alexander von Humboldt. Mzee huyu wakati huo alikuwa na miaka 72. Ujana wake alikuwa ameutumia kuzunguka Amerika ya Kusini na Meksiko kwa miaka mitano, akipima milima, mito na joto la bahari, na uzee wake aliumalizia kwenye meza ya mfalme, akimsomea vitabu jioni na, palipowezekana, akimnong'oneza majina ya wasomi waliohitaji msaada. Tarehe 31 Mei 1842, siku ileile ya kumbukumbu ya Friedrich wa Pili kushika ufalme, likatangazwa daraja jipya la Pour le Mérite kwa ajili ya sayansi na sanaa. Wajerumani walizoea kuliita Daraja la Amani. Humboldt akawa kansela wake wa kwanza, na akabaki nalo hadi alipofariki mwaka 1859.

Kanuni zake ndizo zilizonivuta mimi kwenye habari hii, kwa hiyo mniruhusu nikae hapo kidogo. Wanachama wa Kijerumani walikuwa 30, na si lazima wawe raia wa Prusia. Mtu wa Hannover au wa Bavaria aliweza kuchaguliwa. Wageni kutoka nchi za nje waliruhusiwa, mradi idadi yao isiizidi ile ya Wajerumani. Elimu ya dini iliachwa nje kwa maandishi, kwamba kwa jinsi ilivyo haihusiani na heshima ya namna hii. Nafasi ilipatikana kwa kifo tu. Na ile nafasi ya Mjerumani ilipobaki wazi, waliobaki walipiga kura kumchagua wa kuijaza, kisha mfalme akathibitisha. Yaani baada ya orodha ile ya kwanza, ambayo mfalme aliiteua, aliyetaka kuivaa nishani hii hakuwa na haja ya kumpendeza waziri. Ilibidi kazi yake iwashawishi watu wanaoijua kazi hiyo. Mwanahisabati alisikilizwa na wanahisabati, na mchongaji alitazamwa na wachongaji. Kwa maoni yangu, uadimu wa nishani hii uko hapo kabla hata hatujaihesabu dhahabu yake: ilikuwa nishani ya mfalme ambayo mfalme alikubali kutoitawala peke yake.

Tazameni sasa waliokuwamo mwaka ule wa kwanza. Alikuwamo Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati aliyezaliwa katika familia maskini ya Braunschweig. Alikuwamo Johann Gottfried Schadow, mchongaji sanamu, ambaye baba yake alikuwa mshonaji nguo. Alikuwamo Giacomo Meyerbeer, mtunzi wa opera, Myahudi aliyebaki katika dini yake, katika nchi ambayo Wayahudi walikuwa bado hawajapewa haki sawa za uraia. Alikuwamo Jacob Grimm, yule wa ngano na kamusi, na huyu habari yake ni nzito kidogo: mwaka 1837 yeye na maprofesa wenzake sita wa Göttingen walipinga kwa maandishi kitendo cha mfalme wa Hannover cha kuifuta katiba, wote saba wakafukuzwa kazi, na Grimm akapewa siku tatu awe ameondoka nchini. Miaka mitano baadaye mtu huyohuyo aliyefukuzwa na mfalme mmoja alivikwa nishani na mfalme mwingine.

Lakini ninayempenda zaidi kumtaja ni Christian Daniel Rauch. Baba yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya mtawala mdogo, na yeye mwenyewe, kijana, alikuwa mtumishi wa chumbani wa Malkia Luise wa Prusia. Kazi yake ilikuwa kusimama, kungoja na kubeba. Saa zilizobaki alijifunza kuchora na kuchonga, na malkia alipofariki mwaka 1810, huyo aliyekuwa mtumishi wake ndiye aliyechonga sanamu yake ya marumaru amelala, ambayo ipo hadi leo kaburini kwake Charlottenburg. Baadaye Rauch alipewa kazi kubwa kuliko zote za maisha yake, sanamu ya Friedrich wa Pili akiwa juu ya farasi, katika barabara ya Unter den Linden mjini Berlin. Ilizinduliwa tarehe 31 Mei 1851. Mkibahatika kufika pale msiishie kuitazama mbele. Pande za msingi wake zimejaa majenerali, wengine wamepanda farasi, wengine wamesimama, na ukizunguka mpaka nyuma kabisa, chini ya mkia wa farasi wa mfalme, ndipo unapowakuta Kant na Lessing, mwanafalsafa na mwandishi, wamesimama wakizungumza. Watu wa Berlin waliliona jambo hilo tangu siku za mwanzo. Aliyewachonga mahali pale alikuwa amevaa Daraja la Amani kwa miaka tisa.

Naomba niseme pia habari za mtu aliyeikataa, maana nishani hupimwa na waliopewa na hupimwa vilevile na aliyesema hapana. Ludwig Uhland alikuwa mshairi wa Tübingen ambaye mashairi yake yaliimbwa mashambani na watoto wa shule. Aliwahi kuacha uprofesa ili asiache ubunge. Mwaka 1848, Wajerumani walipofanya mapinduzi na kukusanya bunge lao la kwanza la taifa pale Frankfurt, Uhland alikuwa mmoja wa wabunge. Bunge lile lilimpa Friedrich Wilhelm wa Nne taji la Ujerumani nzima, na mwezi Aprili 1849 mfalme akalikataa. Mabaki ya bunge yakahamia Stuttgart, na mwezi Juni wanajeshi walipowazuia wabunge wasiingie ukumbini, Uhland alikuwa safu ya mbele ya wale waliokuwa wakitembea kuelekea kwenye bunduki. Mwaka 1853 wanachama wa Daraja la Amani wakamchagua, kura ikapita, na Humboldt akamwandikia kwa furaha. Uhland akajibu kwa adabu kwamba hawezi. Alieleza kwamba wenzake aliosimama nao bungeni walikuwa wamepoteza nchi yao, uhuru wao au haki zao za uraia, na wengine walikuwa wamehukumiwa kifo. Ataivaaje shingoni nishani ya mfalme yuleyule hali wao wako hivyo? Humboldt alimsihi tena, akimwonyesha kwamba heshima hii inatoka kwa wasomi na si kwa serikali. Uhland hakurudi nyuma.

Nimezisoma hoja za wazee hao wawili mara nyingi, na naona kila mmoja alikuwa na haki. Humboldt hakuwa kibaraka. Mwezi Machi 1848, akiwa na karibu miaka 79, alitembea kwa miguu katika maandamano ya kuwazika watu waliouawa na jeshi la mfalme huyohuyo aliyekuwa akila naye. Alijenga chumba kidogo cha uhuru ndani ya nyumba ya mfalme, akaamini kwamba chumba hicho kina mlango wake. Uhland aliona mlango huo unapita sebuleni kwa mwenye nyumba.

Kuhusu wageni sitachelewa. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha kama mwanafunzi wa fundi wa kujalidi vitabu mjini London, alikuwa wa kwanza kwanza. Charles Darwin aliipata mwishoni mwa miaka ya 1860, naye Uingereza haikuwahi kumpa cheo cha Sir. Thomas Carlyle, aliyeandika historia ndefu ya Friedrich wa Pili, aliipokea mwaka 1874, na mwaka huohuo akakataa heshima kubwa ambayo serikali ya nchi yake ilitaka kumpa. Mwaka 1887 walichaguliwa Brahms na Verdi.

Sasa tuje kwetu, kwa maana habari hii ilifika mpaka hapa.

Mwaka 1906 aliyechaguliwa ni Robert Koch, tabibu aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu. Koch aliifahamu nchi hii. Alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria, na ndiye aliyethibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu wa Kiziba, kule Bukoba, yalikuwa tauni. Mwaka 1905 alirudi, akafanya kazi pia katika kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara, na safari hii alifuata njia za misafara akitafuta chanzo cha homa iliyokuwa ikiwarudia wapagazi kwa vipindi. Alikikuta kwenye papasi, wale kupe wanaojificha kwenye udongo wa sakafu na kutoka usiku, na alionyesha kwamba vijidudu vya homa hiyo hupita mpaka kwenye mayai ya papasi. Wapagazi na wenyeji walikuwa wakimlaumu papasi muda mrefu kabla yake. Darubini ya Koch ilionyesha kilichokuwa ndani ya mdudu huyo. Kwa kazi hiyo, na ile ya kifua kikuu, wanazuoni wenzake walimpigia kura, na sidhani kwamba walikosea.

Mwaka uleule wa kuchaguliwa, Koch alikwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yanamaliza watu. Huko alijenga kambi, na wagonjwa wakamiminika kwa mamia, wengine wakiletwa kwa mitumbwi wakiwa hawawezi tena kufumbua macho kwa usingizi. Aliwachoma sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, wakaamka, wakatembea. Nafuu hiyo ilipokuwa haidumu, Koch aliongeza kipimo mara mbili, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima kwa sindano. Wagonjwa 22 wakapofuka, wala macho yao hayakurudi. Ndipo alipopunguza kipimo.

Ndugu zangu, simvui Koch nishani yake. Ninachosema ni kwamba kanuni ile ninayoisifu, ya watu wa kazi moja kuhukumiana, ilikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ilipita katikati ya Ziwa Viktoria. Walioweza kusema Koch anastahili nini walikuwa wanaume wa vyuo vikuu na vyumba vya sanaa vya Ulaya. Mtu wa Sese aliyepofuka hakuwa na kura, na hakuna aliyemuuliza.

Na kuna jirani ya nishani hii ambayo ni lazima niitaje, kwa kuwa jina lake ni lilelile. Msalaba wa buluu wa wanajeshi uliendelea kutolewa, nao ukiwa na maneno yaleyale matatu. Mwezi Agosti 1905, Mfalme Wilhelm wa Pili alimpa Jenerali Lothar von Trotha. Huyu naye alipita kwetu. Katika miaka ya 1890 alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani hapa Afrika Mashariki. Kisha akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, na tarehe 2 Oktoba 1904 akatoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi, na wanawake na watoto wafukuziwe jangwani. Kwa vita hiyo ndipo alipopewa Pour le Mérite. Mwezi ule anavikwa, watu wa Umatumbi walikuwa wamekwisha kung'oa pamba za Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza. Hakukuwa na kura ya wanazuoni katika msalaba wa Trotha; ulitoka kwa mfalme moja kwa moja, kama ule wa Voltaire. Ndiyo maana wanafunzi wangu wanaposoma mahali kwamba fulani alikuwa na Pour le Mérite, huwaambia waulize kwanza ni ipi, ya duara au ya msalaba.

Ufalme ulianguka mwaka 1918. Msalaba wa wanajeshi ukafa nao. Daraja la Amani lilibaki, kwa sababu wanachama wenyewe waliamua kuendelea kuchaguana kama chama huru cha wanazuoni. Mwaka 1923 walimchagua Albert Einstein. Mwaka 1929, baada ya miaka 87 ya wanaume watupu, walimchagua mwanamke wa kwanza, Käthe Kollwitz, mchoraji wa wafumaji wenye njaa, wa kina mama na vifo vya watoto, ambaye mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji mwezi Oktoba 1914 akiwa na miaka 18. Halafu wakaja Wanazi. Einstein alijitoa mwaka 1933, Kollwitz mwaka huohuo akalazimishwa kuondoka katika Akademia ya Sanaa, na serikali haikuruhusu wanachama wapya wachaguliwe, hivyo daraja likaachwa lipungue kwa vifo vya waliomo.

Rais wa Ujerumani Magharibi, Theodor Heuss, aliposhughulikia kulifufua, alimwandikia Einstein kumwomba arudi. Einstein alimjibu mwezi Januari 1951 kwamba baada ya Wajerumani kuwaua Wayahudi kwa halaiki, Myahudi anayejiheshimu hawezi kutaka kuhusishwa na jambo lolote rasmi la Kijerumani. Nikiisoma barua hiyo namkumbuka Uhland: karibu miaka mia moja baina yao, nishani ileile, na sababu inayokaribiana sana. Daraja lilifufuliwa mwaka 1952, na lipo mpaka leo. Mwaka 1957 lilimchagua Lise Meitner, mwanafizikia aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1938 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, na yeye alikubali. Waliokuwa na haki ya kujibu walijibu kila mmoja kivyake, nami sioni kwamba ni juu yangu kuwasahihisha.

Nina ombi moja kabla ya maswali. Najua miongoni mwenu wamo waliotoka Bukoba, na wengine wana ndugu ng'ambo ya ziwa. Kama katika ukoo wenu kuna mzee aliyewahi kusimuliwa na wakubwa wake habari za kambi ya Sese, za sindano, za watu waliokwenda kwa mtumbwi wakirudi wameshikwa mkono, naomba tuonane hapa mbele baada ya kikao. Nimekuja na daftari.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.